Mtoto akimkimbia mamake, usifanye haraka kuhukumu

Hebu twende pamoja hadi katika ofisi moja mjini Kitale. Ni asubuhi. Kuna meza iliyojaa faili, benchi la mbao, na watu wazima watano waliokuja kwa sababu ya mtoto mmoja. Kwenye benchi ameketi nyanya aliyepanda matatu ya alfajiri kutoka upande wa Chwele, katika kaunti ya Bungoma. Mapajani mwake yupo mjukuu wake wa kike mwenye umri wa miaka mitatu na miezi miwili. Mkabala naye ameketi mamake mtoto, aliyerudi kutoka Saudia majuma sita yaliyopita baada ya kufanya kazi za nyumbani huko kwa zaidi ya miaka miwili. Sasa amepanga nyumba Kitale na anataka kumchukua mwanawe. Amemletea mwanasesere na viatu vipya. Anamwita kwa sauti ya upole. Mtoto anapiga mayowe na kujificha ndani ya leso ya nyanyake.

"Daktari, si unaona mwenyewe?" nyanya ananiambia. "Hamjui."

Mama hasemi neno. Ameinamisha uso, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimeitwa nimpime mtoto afya, lakini afisa wa watoto alikuwa na ombi jingine. Alitaka niandike barua ya kuieleza mahakama mtoto huyu ameshikamana na nani kati ya wawili hao.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na visa kadhaa nilivyokutana navyo kati ya Kitale na Bungoma, ili asitambulike mtu. Hata hivyo si kigeni kwako. Wazazi wengi wa huku kwetu wamekwenda kutafuta riziki Nairobi, Mombasa na nchi za Ghuba, na watoto wamebaki na nyanya na shangazi. Siku mzazi anaporudi, au wazazi wanapoachana, au mmoja wao anapofariki, ndipo ugomvi unapozuka. Uamuzi ukiwa mikononi mwa chifu, wazee wa ukoo au hata hakimu, mara nyingi jicho la kwanza huwa kwa mtoto: atamkimbilia nani? Nataka tuzungumze leo juu ya jicho hilo, kwa maana linaweza kumdhuru mtoto vibaya. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kulitumia.

Barua ya mistari minne

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mpya, niliombwa barua kama hiyo. Mtoto alikuwa mvulana wa miaka miwili, aliyelelewa na shangazi yake tangu akiwa na miezi mitatu. Baba mzazi alikuwa amejitokeza kumdai. Nilimwona mtoto kwa muda usiozidi dakika kumi, katika chumba cha kutibia chenye harufu ya dawa, huku foleni ya wagonjwa ikisubiri nje. Baba alipomnyanyua, mtoto hakulia. Alitulia kimya kifuani pake, macho yakitazama ukutani. Nikaandika mistari minne kwamba mtoto ni mzima na anamkubali baba yake vizuri, nikapiga muhuri.

Mtoto alichukuliwa siku hiyo hiyo. Baada ya miezi minne aliletwa tena kwangu. Alikuwa amepungua kilo moja na nusu, na yale maneno machache aliyokuwa ameanza kusema yalikuwa yamepotea. Sikupata malaria, wala kifua kikuu, wala minyoo. Alikuwa amekumbatia kipande cha kitenge kilichochakaa, na muuguzi alipotaka kukiondoa ili ampime alilia kwa mara ya kwanza. Kitenge kilikuwa cha shangazi.

Baba hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mtoto wala kumnyima chakula. Kosa lilikuwa langu, kwani nilidhani kwamba mtoto asiyelia ameridhika. Kimya kile kilikuwa cha mtoto aliyeogopa hata akakosa la kufanya.

Basi unaona, msomaji, mtoto mmoja alilia na mwingine akanyamaza, na katika visa vyote viwili watu wazima walidhani wamepata jibu.

Ngome ya mtoto

Ndama huzaliwa na kabla ya saa kadhaa kupita amekwisha kusimama na kumfuata mamake. Mtoto wa binadamu hawezi kumfuata mtu, kwa hiyo hulia, hunyonya, hushika, hutabasamu, na kwa njia hizo humvuta mtu mzima amkaribie. Katika miezi ya kwanza humpokea karibu kila mtu, ingawa sauti na harufu ya mamake huzijua mapema. Kuanzia miezi sita au saba hivi huanza kuchagua. Akiogopa, akiugua au akichoka, hataki mtu yeyote tu; anataka mtu fulani, au watu fulani wachache. Hao ndio ngome yake. Wakiwa karibu, hutambaa mbali na kucheza. Akishtuka, hurudi mbio kwao. Uhusiano huu nitauita fungamano. Hautokani na damu wala na cheti cha kuzaliwa. Hujengwa na yule aliyeitika mara kwa mara mtoto alipolia.

Aliyeieneza fikra hii ni daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao. Lakini uchunguzi wa kwanza wa kina, wa kuwafuata watoto nyumbani kwao, haukufanyiwa Ulaya. Ulifanyiwa hapa jirani, Uganda. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, alifika Kampala mwaka 1954. Akiwa na mkalimani wake, alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na mji huo, zilizokuwa na watoto wachanga 28. Alirudi katika kila nyumba karibu kila baada ya majuma mawili, kwa miezi kadhaa, akiketi takriban saa mbili kila mara. Alichokiona alikiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1967.

Kati ya watoto hao 28, aliona kwamba 16 walikuwa na fungamano imara, 7 walikuwa na wasiwasi, na 5 walikuwa bado hawajaonyesha fungamano. Ni nini kilichowatofautisha? Jambo moja alilolitambua ni hili: mama wa watoto wenye fungamano imara walikuwa hodari wa kueleza habari za watoto wao. Ukiwauliza kuhusu mtoto, walikupa mambo madogo madogo, hata yale ambayo hukuuliza, wala mazungumzo yao hayakukimbilia mambo mengine. Mtu humjua hivyo mtoto ambaye amekuwa akimtazama.

Nakuomba uliweke jambo hilo akilini, kwa sababu nitalirudia. Nami hujisikia fahari kidogo kwamba elimu inayotajwa leo katika mahakama za London na Chicago iliokotwa katika nyumba za vijijini Buganda.

Baadaye, mjini Baltimore, Ainsworth alitunga jaribio la takriban dakika 20 kwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu hivi. Mtoto na mamake huingizwa katika chumba wasichokijua, chenye vitu vya kuchezea. Mgeni huingia. Mama hutoka, kisha hurudi. Hutoka tena na kurudi tena. Watu wengi wakisikia habari hiyo hudhani kwamba kinachopimwa ni kilio cha mtoto mama anapotoka. Sivyo. Kinachotazamwa hasa ni mama anaporudi: mtoto humwendea? Hutulia mikononi mwake na kurudia michezo yake? Humwepa? Humshika huku akimpiga? Kusoma ishara hizo kunahitaji mafunzo marefu, na jaribio lenyewe lilibuniwa kwa ajili ya utafiti wa makundi ya watoto, si kwa kukata kesi ya mtoto mmoja.

Sasa ilinganishe na ile ofisi ya Kitale. Mtoto ana zaidi ya miaka mitatu. Mama hakutoka dakika tatu zilizopita bali miaka miwili iliyopita. Watu wazima wamenuna, na mtoto anasikia jinsi moyo wa nyanyake unavyodunda, maana yuko kifuani pake. Angefanya nini kama si kulia?

Iko habari nyingine ya kuzingatia. Katika miaka ya 1940 na 1950, James Robertson, aliyefanya kazi na Bowlby mjini London, aliwachunguza watoto wadogo waliolazwa hospitalini wakati ambapo wazazi hawakuruhusiwa kukaa nao. Kwanza mtoto alilia na kudai mamake. Kisha alizama katika huzuni. Hatimaye alitulia, wauguzi wakasema amezoea. Mama alipokuja, mtoto aligeuza uso kana kwamba hamjui. Mwaka 1952 Robertson alionyesha filamu kuhusu msichana wa miaka miwili aliyelazwa, na madaktari wengi wakamkasirikia. (Sisi tuliokulia ambako mama hulala na mtoto wake mgonjwa kitanda kimoja, wakati mwingine na mtoto wa jirani miguuni, tunashangaa kwamba jambo hilo lilihitaji filamu.) Funzo ni kwamba mtoto anayemgeuzia mamake uso huenda hakumsahau. Huenda ameumia.

Sisemi kwamba yule msichana wa Chwele alikuwa akimkumbuka mamake. Aliachwa akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na kumbukumbu za umri huo ni haba. Nasema tu kwamba mayowe yake hayangeweza kutuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Si lazima ngome iwe moja

Barua niliyoombwa ilitaka jina moja. Hapo ndipo swali lenyewe lilipokosewa. Wewe uliyelelewa Kimilili au Kiminini unajua kwamba mtoto wa huku hukaa mgongoni mwa dada, mikononi mwa shangazi, na jioni jikoni kwa kukhu, kama Wabukusu wanavyomwita nyanya. Mwanaanthropolojia Thomas Weisner aliandika katika miaka ya 1970 kuhusu ndugu wakubwa wanaowalea wadogo, akitumia alichokiona miongoni mwa Waluhya. Na mwaka 1986 watafiti Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walitoa matokeo yao kutoka kwa Wagusii, ambako mama alikwenda shambani na kumwacha mtoto na msichana mlezi. Waliligeuza lile jaribio la Ainsworth lifae mahali pale, wakitazama mtoto anavyowapokea watu kwa kupeana mkono, maana hiyo ndiyo salamu aliyoizoea.

Waliona kwamba mtoto alikuwa na fungamano na mama na pia na mlezi. Tena kila moja lilikuwa na faida yake: fungamano na mama lilihusiana na lishe ya mtoto, na fungamano na mlezi lilihusiana na ukuaji wa akili. Si ajabu ukifikiri kwamba mama ndiye aliyelisha, na mlezi ndiye aliyecheza na kuzungumza naye mchana kutwa.

Kwa hiyo unapomuuliza mtoto achague, au unapoamua kwa kumtazama nani anakimbiliwa, huenda unamwomba abomoe upande mmoja wa ngome yake ili watu wazima wapate amani.

Nilichofanya badala ya kuandika

Nilimwambia afisa kwamba mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, si bingwa wa akili za watoto, na kwamba sitaandika jina la mtu. Nitaandika nilichokiona, na nitahitaji kuona zaidi. Namshukuru kwa kukubali, kwa maana alikuwa na faili nyingi za kushughulikia.

Kwanza nilimpima mtoto. Hili ni la daktari na halipaswi kurukwa. Mtoto mwenye upungufu wa damu huwa mzito na mwenye hasira. Mtoto asiyesikia vizuri hageuki anapoitwa, na watu husema hampendi anayemwita. Mtoto mwenye usonji huenda asitazame uso wa mtu yeyote. Wapo walioitwa wakaidi kumbe masikio yao yanatoka usaha. Msichana wetu alikuwa mzima, isipokuwa meno mawili yaliyooza.

Pili niliomba kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Usikidharau, msomaji. Kijitabu hicho ni shahidi asiyechukua upande. Kinaonyesha uzito uliopimwa mwezi kwa mwezi, chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18, matone ya vitamini A. Uzito wa mtoto huyu ulishuka kidogo katika miezi miwili baada ya mamake kuondoka, kisha ukapanda vizuri na haukushuka tena. Nyanya alikuwa amempeleka kliniki kila ilipotakiwa, na bila shaka si safari ndogo kwa mwanamke wa umri wake.

Tatu niliwauliza wote wawili maswali yale yale, kila mmoja peke yake. Akiamka usiku hufanya nini? Chakula gani hukikataa? Anaogopa nini? Akiumia hutulizwaje? Ana neno gani ambalo wengine hawalielewi? Hapo nilikuwa nikifuata nyayo za yule mama wa Kampala. Nyanya alijibu kwa nusu saa, na kama nisingemkatiza angeendelea. Mama alinishangaza. Alijua kwamba mtoto anaogopa bata mzinga wa jirani, kwa sababu kila Ijumaa, siku aliyoruhusiwa kutumia simu, alikuwa akimpigia nyanya na kuuliza. Lakini alidhani kwamba mtoto bado anapenda uji wa wimbi. Mtoto alikuwa amekwisha kuukataa zamani. Alikuwa akimjua vizuri sana mtoto wa mwaka mmoja.

Sikuona mtu asiyejali. Niliona mwanamke aliyepitwa na miaka miwili.

Nne, tulikwenda nyumbani. Afisa alikwenda Chwele mara tatu, nami nikaweza mara moja tu. Tuliomba mama alale huko kwa nyanya kwa majuma kadhaa kabla ya uamuzi wowote. Siku niliyokwenda mimi, nyanya alikuwa ameenda kuchuma mboga. Mtoto alijikwaa kwenye mpini wa jembe akaanguka. Alilia huku akimtafuta nyanya kwa macho. Asipomwona, alielekea kwa mamake, akasimama katikati ya uwanja, kidole mdomoni. Mama hakumkimbilia. Alichuchumaa pale alipokuwa, akangoja. Mtoto hakumfikia, lakini pia hakurudi nyuma, na kilio kikakoma. Niliandika hayo kama nilivyoyaona. Yalinifaa kuliko saa nzima ya ofisini.

Utanisamehe nikikwambia pia kwamba kazi hii haina malipo ya maana, na ndiyo sababu mojawapo barua za mistari minne bado zinaandikwa.

Mambo ambayo fungamano halituambii

Hapa nataka uwe makini. Mtoto anaweza kumshikilia kwa nguvu mtu yule yule anayemdhuru. Hana ngome nyingine, na akiogopa zaidi hushika zaidi. Kwa hiyo usiseme "anampenda sana, hawezi kuwa anampiga." Majeraha yasiyolingana na maelezo, mtoto anayekaa ameganda huku akimfuata mtu mmoja kwa macho, maumivu au uchafu sehemu za siri, kupungua uzito bila ugonjwa: hayo ni mambo ya usalama, nayo hutangulia mazungumzo yote kuhusu fungamano. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, kisha polisi au kwa afisa wa watoto. Simu ya kuwasaidia watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo.

Kinyume chake pia ni kweli. Mtoto akionekana na wasiwasi au akivurugika mbele ya mzazi, hiyo si hati ya kumtia mzazi hatiani. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa fani hii walionya kwamba aina ya fungamano la mtoto mmoja haiwezi kutumiwa kama ushahidi kwamba ametendewa mabaya, kwani wasiwasi huo una vyanzo vingi, umaskini na misukosuko ya nyumbani ikiwemo. Mwaka 2021 wataalamu wapatao 70 wa nchi mbalimbali walitoa taarifa kuhusu matumizi ya elimu hii mahakamani. Walisisitiza kwamba mtoto anahitaji walezi anaowazoea na wasiomdhuru, kwamba malezi ya kutosha yanayoendelea bila kukatwakatwa yana thamani kubwa, na kwamba hufaidika akiwa na mtandao wa watu kuliko mtu mmoja. Malezi ya kutosha, msomaji, si malezi bora kuliko yote. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala ulikwisha kusema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwao. Paa la nyasi si kutelekezwa.

Neno moja pia kuhusu makao ya watoto, ambayo Kitale na viunga vyake haikosi. Wageni hurudi kutoka huko wakisifu jinsi watoto walivyowarukia na kuwakumbatia, eti ni watoto wenye upendo. Mimi hofu hunishika. Mtoto wa miaka mitatu aliyelelewa vizuri humchunguza mgeni kwanza, akiwa nyuma ya mguu wa mtu wake. Anayemkumbatia kila aingiaye mlangoni huenda hana mtu wake. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, kwa watoto 136 waliokuwa katika makao, ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwa familia walijenga fungamano, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Nchi yetu nayo ilizindua mwaka 2022 mkakati wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto kutoka makao hadi katika familia. Ni jambo jema, lakini kurudishwa kwa jamaa usiyemjua, kwa gari la asubuhi moja, ni kutengana kwingine.

Uamuzi na safari ya Kitale

Sheria yetu haimfungi hakimu kwenye kilio cha mtoto. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulizwa, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, inaitaka mahakama itazame mambo mengi: mwenendo wa wazazi, matakwa ya mtoto kwa kadiri ya umri wake, mtu aliyekuwa akiishi naye, mila, na madhara aliyopata au anayoweza kupata. Kwa hiyo ukiitwa kutoa ushahidi, au ukiwa mhusika, nenda na kijitabu cha kliniki, nenda na mwalimu wa chekechea au jirani aliyemwona mtoto kila siku. Na usimfundishe mtoto la kusema. Nimewahi kumsikia wa miaka minne akitamka neno "maslahi".

Katika kisa chetu, wahusika walikubaliana kabla ya kufika kwa hakimu, na makubaliano yakaandikwa. Mama angebaki Chwele mpaka mtoto aweze kulishwa na kuogeshwa naye bila mapambano. Kisha wangekuja wote watatu Kitale, nyanya alale huko siku kadhaa, arudi kwake, na aje tena kabla mtoto hajadhani amepotea. Nyanya aliona ni upuuzi. "Kwani ni ng'ombe wa kuzoezwa boma?" aliuliza. Mama naye aliona muda ni mrefu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusubiri miaka miwili. Wote wawili walikuwa na haki ya kulalamika. Ilichukua miezi mitano, ikiwa na usiku mwingi wa kilio na mara moja ambapo mtoto alirudishwa Chwele kwa juma zima kwa sababu aliacha kula. Nauli ya kwenda na kurudi iliwalemea.

Siku hizi mtoto anaishi Kitale, na shule zikifungwa huenda kwa nyanyake. Majuzi mama alimleta kliniki akiwa na kikohozi. Mtoto alikaa mapajani mwake akaniangalia kwa shaka kubwa. Kwa mazoea nilimwuliza mama mtoto hulalaje. Alinijibu bila kusita: huamka kama saa tisa, hutaka mlango uachwe wazi kidogo, uji wa wimbi asitajiwe, na leso ya kukhu lazima iwe juu ya mto.